Kuongea na kadi ya chipu kwa siriali ya maikrokontrola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wadau, nimeamua kuyaandika haya yote mara moja maana kidole kimechoka kujibu kitu kilekile WhatsApp saa nne usiku. Mi ni fundi elektroniki, meza yangu iko Majengo hapa Dodoma, na kila projekti za mwaka wa mwisho zikikaribia vijana wanakuja na mawazo yaleyale, mara bomba la maji la kulipia kwa kadi, mara geti la hosteli, mara sanduku la vikoba linalofunguka kwa kadi. Mawazo mazuri tu, shida inaanzia kwenye waya. Mifano mingi hapa ni ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu) ya STM32F103, ile ya bodi ya bluu ya bei chee, kwasababu ndo iliyojaa mtaani.

Kadi yangu ni ya kugusisha tu, haichomekwi. Haya yananihusu?

Hapana. Hiyo inaongea kwa mawimbi ya 13.56 MHz, tafuta moduli ya RC522 uendelee na maisha. Hapa naongelea kadi yenye kibati cha rangi ya dhahabu: laini ya simu, kadi ya benki, zile kadi nyeupe za kuprogramia. Kanuni zake zinaitwa ISO 7816, na sehemu ya 3 ndo inayohusu umeme na namna ya kuongea.

Kibati kina vipande vingi, naunga vipi?

Unahitaji vitano tu. C1 ni umeme, C2 riseti, C3 kloki, C5 graundi, C7 data. C6 zamani ilikuwa ya umeme wa kuprogramia, iache hewani. C4 na C8 kwenye laini nyingi hata hazijachongwa. Data ni waya mmoja kwenda na kurudi, hakuna waya wa kutuma (TX) na wa kupokea (RX), na hapo ndo wengi wanaanza kupotea.

Kwenye bodi ya bluu mi natumia USART3 (sehemu ya tatu ya siriali ndani ya chipu), yaani pini ya PB10 inaenda C7 na PB12 inaenda C3, riseti chukua pini yoyote iliyo wazi. Umeme wa kadi usiutoe moja kwa moja kwenye pini ya maikrokontrola, kadi ya volti 3 inaruhusiwa kula mpaka miliampia 50 na pini yako haifiki huko, weka transista ndogo ya kuwasha na kuzima. Kapasita ya nanofaradi 100 iwe imebanana kabisa na soketi. Na waya fupi jamani! Juzi dogo mmoja kaja na jampa za urefu wa mkono mzima kwenye bredibodi af anauliza mbona kloki ya megahezi tatu na nusu inafika imepinda.

Soketi ukikosa, simu mbovu zimejaa, bandua humo na hewa ya moto.

Kwani siriali ya kawaida, ile ninayotumia kwa GPS, ina ubaya gani?

Haina ubaya ila kadi ni mgeni mwenye masharti. Kwanza haina saa yake ya kuongelea, inategemea kloki unayompa wewe. Pili baiti moja ina biti ya kuanzia, biti 8 za data na pariti shufwa (biti ya ukaguzi, idadi ya moja iwe shufwa), halafu lazima kuwe na kapumziko kabla ya baiti inayofuata. Tatu, kwenye itifaki ya T=0 anayepokea akikuta pariti imeharibika anauvuta waya chini kwenye kile kipindi cha kupumzika, ndo namna ya kusema "sijasikia, rudia". Siriali ya kawaida haiijui hiyo lugha, kwahiyo chipu nyingi za STM32 zina hali maalumu ya kadi ndani ya USART. Kwenye F103 ziko USART1, 2 na 3. Ukiwa na toleo kubwa lenye UART4 na UART5 usihangaike nazo, hazitoi kloki.

Baudi (biti kwa sekunde) niweke ngapi? 9600?

Hili swali lingekuwa linalipiwa ningeshamaliza nyumba Nzuguni. Jibu langu ni moja: usihesabu baudi, hesabu kloki.

Kadi ikiwashwa haijui 9600 ni nini. Inachojua ni kwamba biti moja ni mapigo 372 ya kloki, basi. Huo muda wa biti moja unaitwa etu, usicheke, haina uhusiano na "yetu". Ukimpa kloki ya 3.5712 MHz gawanya kwa 372 unapata 9600 kamili, ndo maana namba hiyo imezagaa kila sehemu watu wakadhani ni sheria. Ukimpa 4.5 MHz inakuwa 12,097. Ukimpa 3.6 inakuwa 9,677. Kloki ya mwanzo inatakiwa iwe kati ya megahezi 1 na 5, humo ndani chagua unachotaka, ila siriali yako ifuate kloki na sio kinyume.

Sasa angalia inavyokaa vizuri kwenye USART3. Basi ya APB1, yaani njia ya ndani ya chipu inayoilisha USART3 kloki, inakimbia 36 MHz. Rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) ya GTPR ina kigawanyo, namba unayoandika inazidishwa mara mbili, kwahiyo ukiandika 5 kloki inagawanywa kwa 10, kadi inapata 3.6 MHz. Rejista ya BRR ni mapigo mangapi ya basi kwa biti moja, yaani 372 mara 10, andika 3720. Umemaliza. Hujagusa namba ya baudi mahali popote, na uzuri wake hata kristali ya bodi ikigoma ukaangukia kwenye saa ya ndani ya 8 MHz isiyo sahihi sana, uwiano unabaki palepale kwasababu kadi na siriali wanakula chungu kimoja. Hapo utakuwa na kloki ya 0.8 MHz tu, chini ya kiwango, kwahiyo punguza kigawanyo kiwe 2 na BRR iwe 372 mara 4, yaani 1488, lakini hoja umeipata.

Mi mwenyewe hii ilinitoa jasho siku mbili. Nilikuwa nadhani USART3 inakula 72 MHz kama USART1, nikaandika kigawanyo 10 nikiamini nagawa kwa 20 napata 3.6. Kumbe basi ni 36, kadi inapata 1.8, inanijibu kwa 4,839. Laibrari yenyewe nilishaiambia 9600 na ikapiga hesabu vizuri kabisa kutoka kwenye 36, kwahiyo mmoja anaongea polepole mwingine anasikiliza haraka, nikawa napata chenga tupu. Nikabadilisha laini tatu, nikachomea soketi upya, nikamlaumu na aliyeniuzia bodi. Ilivyofika usiku wa pili nikaweka osiloskopu ya kuazima kwenye C3, nikaona 1.8, nikacheka peke yangu.

Nipe basi mipangilio yote ya rejista.

Kwa USART3 ya F103: urefu wa neno biti 9 (8 za data na moja ya pariti), pariti iwashwe na iwe shufwa, stopu iwe 1.5. Watu wanaweka 2 kwasababu kitabu cha kadi kinasema mapumziko ni ya biti mbili, ila kwenye hali ya kadi ya STM32 ni 1.5 kwa kutuma na kupokea, acha hivyo. Rejista ya CR2 washa CLKEN (kutoa kloki). CR3 washa SCEN (hali ya kadi) na NACK (kukataa baiti mbovu), na hakikisha HDSEL na IREN zimezimwa, pamoja na LINEN kule CR2, hazipatani. GTPR sehemu ya juu ni muda wa ulinzi, 16 inatosha kuanzia.

PB10 iwe ya kazi mbadala na mfumo wa mkondo wazi (open-drain, unavuta waya chini tu), sio wa kusukuma, kwasababu kadi nayo inavuta waya huohuo na mkisukumana mmoja ataumia. Halafu weka rizista ya nje ya kuvuta juu, kilo-omu 10 ni freshi. Ile ya ndani ya chipu usiitegemee, kwenye F103 inazimwa pini ikiwa kwenye kazi mbadala. PB12 yenyewe iwe ya kusukuma kawaida.

Kwenye familia mpya za STM32 kama F0, F3 na F7, SCEN haiandikiki USART ikishawashwa, kwahiyo panga kila kitu kwanza af ndo uwashe UE (swichi ya USART yenyewe) mwishoni. Hizo mpya pia zinarudia zenyewe baiti iliyokataliwa. Kwenye F103 ukikataliwa unaona alama ya hitilafu ya fremu, kurudia ni kazi ya programu yako.

Nawasha kadi sipati hata baiti moja.

Fuata mpangilio wa kuwasha, sio kuwasha tu kama taa. Riseti iwe chini, washa umeme, data iachwe juu, anzisha kloki, subiri angalau mapigo 400 ndo uipandishe riseti. Baada ya hapo kadi inatakiwa ianze kujibu kati ya mapigo 400 na 40,000. Kwa 3.6 MHz hiyo ni chini kidogo ya milisekunde 12. Sasa unakuta mtu kapandisha riseti, kaweka dilei ya milisekunde 100 "itulie", ndo anaanza kusikiliza. Kadi ilishaongea ikamaliza zamani, mkuu. Washa upokeaji kabla ya kupandisha riseti, na pokea kwa intarapti.

Kama hapo uko sawa pima C1 kwa mita, kisha pima kama kadi imekaa sawa. Na vumbi! Huku kwetu kiangazi upepo ukianza soketi ya wazi haimalizi wiki, kuna utando mwekundu unakaa juu ya vile vibati vya soketi haupitishi kitu. Spiriti na mswaki wa zamani. Msimu huohuo hewa ni kavu mpaka sweta ya polista inatoa cheche, kwahiyo gusa chuma chenye ethi kabla ya kushika kadi, kuna laini yangu ilikufa hivihivi.

Baiti ya kwanza nasoma 03 badala ya 3B (kwa heksadesimali), na ina hitilafu ya pariti. Kadi mbovu?

Nzima kabisa, inaongea kinyume tu. Baiti ya kwanza inaitwa TS na kazi yake ni kukuambia mwelekeo. 3B ni wa kawaida, biti ndogo inatangulia. Mwelekeo wa pili biti kubwa inatangulia na juu na chini vimebadilishana, baiti hiyohiyo ukiisoma inavyotakiwa ni 3F, ukiisoma kikawaida inatoka 03 na pariti inakataa. F103 haina swichi ya kugeuza, itabidi ugeuze kila baiti kwa programu, pariti ubadili iwe witiri, na kile kitufe cha NACK kizime wakati wa kupokea TS, la sivyo unaikataa baiti halali na kadi inairudia na wewe unaikataa tena, mnakesha. Laini nyingi za siku hizi ni 3B kwahiyo huenda usikutane nayo.

Ukisoma chenga nyingine kabisa, sio 3B wala 03, rudi kwenye swali la baudi.

Nimepata mlolongo wa baiti. Inasema nini?

Huo ndo wasifu wa kadi, wanauita ATR, hauzidi baiti 33. Tuchukue mmoja unaofanana na laini nyingi:

3B 9F 96 80 1F C7 na kuendelea.

3B tumeshaiona. 9F: herufi F inasema kuna baiti 15 za historia huko mbele, na 9 inasema zinafuata baiti mbili ziitwazo TA1 na TD1. TA1 ni 96, hii ndo spidi, inamaanisha kadi inakubali kugawa 512 kwa 32, yaani mapigo 16 tu kwa biti. TD1 ni 80, sifuri yake ya mwisho ni itifaki ya T=0. 1F inatambulisha maelezo ya jumla na C7 inasema kadi inakubali volti zote tatu, 5, 3 na 1.8. Jumla inatakiwa baiti 22 pamoja na ile ya ukaguzi ya mwisho, ukipata 21 kuna moja umeiangusha.

Nimetuma amri ya SELECT (ya kuchagua faili), kadi imekaa kimya.

Nikuambie ulichofanya: umetuma A0 A4 00 00 02 3F 00 zote saba kwa mkupuo. Kwenye T=0 unatuma tano za kwanza, unanyamaza. Kadi inarudisha A4, yaani ile baiti ya amri, maana yake "nimekuelewa, lete mzigo". Hapo ndo unatuma 3F 00. Ni kama kubisha hodi, huingii mpaka uambiwe karibu. Baadaye inakujibu 9F na urefu wa majibu. Ikikujibu 60 haijakataa, inaomba muda, endelea kusubiri. Ikikujibu 6E 00 haitaki amri zinazoanza na A0, jaribu kuanza na 00 na P2 (baiti ya nne) iwe 04, majibu yatakuja kama 61 na urefu.

Zoezi ninalowapa vijana ni kusoma ile namba ndefu iliyochapwa mgongoni mwa laini. Chagua 3F00, chagua 2FE2, kisha A0 B0 00 00 0A. Inarudi B0, baiti kumi, halafu 90 00. Za kwanza zitakuwa 98 52 na ya tatu inaishia na 5. Usishtuke, tarakimu zimegeuzwa mbili mbili: 89 ni mambo ya simu, 255 ni sisi Tanzania. Siku unaona 255 yako inatoka kwenye waya ulioupanga mwenyewe unaita mpaka jirani aje aone.

Kila ninachotuma kinanirudia kama kimepokelewa.

Waya ni mmoja, unajisikia mwenyewe. Subiri alama ya TC (kutuma kumekamilika), soma rejista ya data uitupe, ndo uanze kusubiri jibu. Na TC yenyewe inachelewa kwa muda wa ulinzi ulioweka GTPR, ukiweka 255 bila sababu kila kitu kinakuwa kizito.

Nataka iwe haraka zaidi.

Omba ruhusa. Mara tu baada ya ATR, kabla ya amri yoyote, tuma FF 10 94 7B. FF ni ufunguzi, 10 inasema T=0 na kuna pendekezo la spidi, 94 ni 512 gawa kwa 8 yaani mapigo 64, na 7B ni zote tatu zikifanyiwa XOR. Kadi ikikurudishia zilezile nne, badili BRR iwe 640 na uendelee. Ikirudisha kitu kingine, zima na uwashe upya. Usiombe zaidi ya TA1 inavyosema, na kwa kusoma kadi ya bomba la maji wala huna haja ya spidi, mtu anajaza ndoo.

Volti 5 au 3.3?

Laini za sasa 3.3 ni sawa ingawa ni ukingoni mwa daraja B (la kadi za volti 3). Kadi za zamani za volti 5 tu zinataka kloki ipande angalau 3.5, bodi yako inatoa 3.3, kwahiyo siku inakubali siku inagoma. Kwa kazi ya kudumu weka chipu ya kati kama TDA8024, inapandisha volti na kuzima kadi kwa utaratibu mtu akiichomoa ghafla. PB10 na PB12 zinavumilia volti 5. PA2 haivumilii, ndo sababu nyingine inayonifanya niikimbie USART2.

Nina Arduino Uno tu. Au ESP32.

Uno haina hali ya kadi lakini inawezekana: biti 8, pariti shufwa, stopu 2, TX na RX ziungane kwa rizista, kloki itoke kwenye taima. Utasoma ila kukataa baiti mbovu hutaweza. ESP32 nayo haina. Mwenye Arduino Due ana bahati, chipu yake SAM3X ina hali hiyo na rejista ya uwiano inaanza na 0x174, igeuze uone ni ngapi. Ndiyo, 372.

Itifaki ya T=1 ni tofauti sana na T=0?

Kwenye waya sio sana, zima NACK basi, makosa yanashughulikiwa kwa vifurushi vyenye ukaguzi mwishoni. Programu ndo inaongezeka.

Naweza kunakili laini ya mtu au kadi ya benki?

Hapana, na usiniletee hiyo kazi. Ufunguo wa siri hautoki kwenye chipu kwa amri yoyote, unabaki ndani na kadi inafanya hesabu yenyewe. Kadi ya mtu bila ridhaa yake ni kesi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Hata yako mwenyewe, usijaribu amri ya PIN ovyo, laini ikikosewa mara tatu inajifunga. Jifunzie kwenye laini ya zamani uliyoiacha au kadi tupu za kuprogramia, ukikosa agiza Dar, siku hizi treni inaleta mzigo mdogo kwa mtu anayesafiri jioni hiyohiyo.

Nimefanya yote bado imegoma, nije mezani?

Njoo, lakini njoo na picha ya mawimbi ya C2, C3 na C7 kwa pamoja, ile lojiki analaiza ndogo ya USB inatosha, ipigie sampuli 24 MHz. Usije na picha ya programu uliyoandika peke yake. Na mchana, saa za joto, maana jioni nina foleni ya redio za watu.